Selotepu iache dukani (na umbea kidogo wa waandishi)

Naomba nianze na selotepu maana ndo inayoniuma kuliko zote. Kitabu kimechanika kidogo tu, mtu na nia yake njema anakimbilia selotepu, anaibandika vizuuuri, anaona kamaliza. Subiri miaka kadhaa uone, ile nailoni inabanduka yenyewe, gundi inabaki kwenye karatasi, inageuka njano afu kahawia, inanata na ukurasa wa pili, na hapo ukijaribu kuitoa inaondoka na maandishi. Ukurasa uliochanika ukiuacha ulivyo ni afadhali mara mia. Kama lazima uunge, chukua karatasi nyepesi sana na uji wa unga wa ngano, kidogo mno, weka kitu kizito juu ukauke. Ila ujue wadudu nao huo uji wanaupenda, kwa hiyo usijimwagie tu.

Mi nakaa Tanga, na watu wa pwani wenzangu hewa yetu mnaijua. Joto, chumvi, unyevu, vyote bure. Ukungu wa vitabu unashamiri unyevu wa hewa ukizidi kama asilimia 65 hivi, na kwetu huku masika ikianza hiyo ndo hali ya kila siku, sasa utafanyaje, kiyoyozi cha kuwasha mchana kutwa kwa ajili ya vitabu nani anacho? Kinachosaidia ni hewa kutembea. Kabati langu liko ukuta wa ndani, sio ule unaopigwa na mvua, na nyuma yake nimeacha nafasi ya kupitisha mkono ili hewa ipite na pia niwaone mchwa wakianza kujenga, maana mchwa hapigi hodi. Vitabu visibanane mpaka kukitoa kimoja ni ugomvi. Na wale mnaovifunika nailoni kama makochi ya sebuleni, mnaufungia unyevu ndani, mjue hilo.

Halafu kuna pini. Vile vijitabu vyembamba vya hadithi na mashairi vingi vimebanwa kwa pini za chuma, hewa ya bahari inazila, kutu inaingia kwenye karatasi, siku unakifungua karatasi za katikati zinadondoka zenyewe. Dawa yake rahisi sana, toa pini taratibu kwa kisu butu, pitisha sindano na uzi wa pamba kwenye matundu yale yale, funga fundo, kwisha. Kazi ya nusu saa huku unasikiliza redio. Na lile kava la gazeti tulilofundishwa shule tuliache, gazeti lina asidi na linachafua jalada, karatasi ya kaki angalau.

Sasa nije kwenye umbea, maana mi vitabu navipenda pamoja na habari za waliovitunza na waliovitunga, siwezi kuvitenganisha.

Zamani kwenye miswada ya mkono ya Kiarabu watu walikuwa wanaandika kabisa ukurasa wa mwanzo "Ya Kabikaj", ombi la kukilinda kitabu na wadudu. Kabikaj ni jina la mmea wenye sumu, lakini wengine wakaja kusema eti ndo mfalme wa mende, kwamba mende wadogo wakiona jina la mkubwa wao wanakiheshimu kitabu. Mende wa kwangu hawana adabu hiyo. Ureno nao wana yao, kwenye chuo kikuu cha Coimbra kuna maktaba ya karne ya 18 inaitwa Joanina, humo wanaishi popo, usiku wanatoka kula wadudu wanaotafuna vitabu, na wafanyakazi jioni wanafunika meza kwa ngozi halafu asubuhi wanasafisha kinyesi. Yaani popo wameajiriwa. Hapa kwetu popo akiingia ndani nyumba nzima inashika fagio.

Waandishi wenyewe sasa. John Steinbeck, mwaka 1936, mbwa wake aitwae Toby alitafuna karibu nusu ya muswada wa kitabu kilichokuja kumpa jina kubwa, kazi ya miezi kama miwili, na nakala nyingine hakuna. Steinbeck hata hakumchapa sana, akasema huenda mbwa alikuwa anatoa uhakiki wake. Thomas Carlyle wa Uingereza yalimkuta makubwa zaidi, mwaka 1835 alimuazima rafiki yake John Stuart Mill muswada wa juzuu ya kwanza ya historia yake ya mapinduzi ya Ufaransa, mtumishi akadhani ni makaratasi ya kutupa, yakaishia motoni. Jamaa akakaa akaandika upya yote. Mi ningehama mji.

Ila kwangu mimi hakuna anayemfikia Ngũgĩ wa Thiong'o. Yuko ndani jela ya Kamiti, Kenya, mwaka 1978, bila kufikishwa mahakamani, anaandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Mwenyewe alieleza baadae kwamba zile karatasi za jela zilikuwa ngumu, za kumkomoa mfungwa kule zinakotakiwa kutumika, lakini kwa kalamu zilifaa sana. Askari walizikamata kwenye upekuzi, afu baadae akarudishiwa. Hebu fikiria wangezichoma. Na huyo huyo miaka ya themanini alitoa riwaya nyingine, serikali ikasikia watu wanamzungumzia mtu anaitwa Matigari anayezunguka nchini akidai haki, amri ikatoka akamatwe, kumbe ni mhusika wa kitabu! Hakuna sifa kubwa kwa mwandishi kuliko mhusika wako kutafutwa na polisi.

Mzee wetu Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa jirani na Tanga, 1 Januari 1909, hakuwahi kuishi kwa uandishi. Miaka na miaka alikuwa karani wa forodha, baadae ofisi nyingine za serikali, anatunga akitoka kazini. Na baadhi ya vitabu vyake unajua vilichapwa wapi? Johannesburg, na chuo kikuu cha Witwatersrand, enzi hizo. Mashairi ya Kiswahili ya mtu wa Tanga yanasafiri mpaka kusini kabisa kuchapwa halafu yanarudi kwa meli. Ukikutana na nakala ya zamani ya namna hiyo mahali, tafadhali usiiguse na mikono yenye mafuta ya mhogo. (Glavu nyeupe kama za kwenye sinema hazihitajiki, zinapunguza hisia za vidole na unachana karatasi kirahisi. Mikono iliyonawa na kukauka inatosha.)

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, yule wa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, alianza kama bwana afya, mtu wa kukagua usafi, kabla hajawa mhariri wa gazeti na mtunzi wa upelelezi. Nikilijua hilo naona kabisa jicho la kukagua limetoka wapi. Kezilahabi wa Ukerewe riwaya yake ya kwanza, ya 1971, ilipigwa marufuku mashuleni, afu miaka ikapita ikaja kuwa kitabu cha kusomeshwa. Na Abdulrazak Gurnah mwaka 2021 alipopigiwa simu ya tuzo ya Nobel ya fasihi yuko jikoni anatengeneza chai, akadhani ni tapeli anamchezea! Watanzania tunamwelewa kabisa, namba ngeni inakwambia umeshinda, utaamini?

Kwa nini nachanganya haya na mambo ya ukungu na kutu, ni kwamba vitabu vingi vya Kiswahili vya zamani havichapwi tena. Ukienda dukani unaambiwa hakipo, mchapishaji naye keshafunga. Nakala iliyobaki ni ile ya babu mtu kwenye sanduku chini ya kitanda. Kilichookoka jela na moto kinakuja kumalizwa na selotepu na bomba linalovuja kwako, hapana jamani.

Kikilowa usikianike juani, kitapinda na kuungua rangi. Kisimamishe kwenye kivuli, kurasa zimetawanywa kidogo, feni inapuliza kwa mbali, weka tishu kila baada ya kurasa kadhaa na uzibadilishe. Ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili, kwa hiyo vikilowa vingi kwa mkupuo na huviwezi vyote, funga nailoni tia friza, vitakusubiri. Friza hiyo hiyo inaua wadudu, kitabu kikavu unakifunga nailoni isiyopitisha hewa, unakiacha kwenye baridi kali wiki nzima, ukikitoa usifungue mfuko mpaka kirudi joto la kawaida, la sivyo kinatoka jasho. Mama watoto kukuta riwaya katikati ya samaki changu na barafu za kuuza, hilo utajieleza mwenyewe.

Kuhusu kuazimisha, mi msimamo wangu unajulikana hapa mtaani, kitabu unasomea barazani kwangu, chai ipo, kahawa ipo, hata chumba cha wageni kipo. Kutoka nacho getini, hapana.