Uvimbe usiouma

Nyumbani kwetu mtu akiota uvimbe, swali la kwanza ni moja: "Unauma?" Akijibu hauumi, mazungumzo yameisha. Anaambiwa ni mafuta tu, aachane nao. Mara nyingi ni kweli, maana uvimbe wa mafuta, ambao madaktari huuita lipoma, ni jambo la kawaida sana, na saratani za tishu laini kama misuli na mafuta, yaani sakoma, ni adimu: kama asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima. Lakini swali lile siliamini tena. Mama ana uvimbe begani. Baba mdogo alikuwa na wake pajani. Wa mama hauumi, na wa baba mdogo nao haukuuma. Mmoja ni mafuta, mwingine ulikuwa sakoma.

Nilimsindikiza mama kwa daktari wa upasuaji. Daktari hakuwa na haraka. Aliushika uvimbe pembeni kwa vidole viwili, akausukuma taratibu, ukateleza chini ya vidole vyake. Ulikuwa laini, na ngozi ya juu yake ilikunjika bila shida. Kisha akamwambia, "Mama, kaza bega." Mama akakaza, na uvimbe ukaendelea kucheza vilevile. Hapo akatueleza kwamba uko juu ya misuli, katika mafuta ya chini ya ngozi. Akaupima kwa futi: sentimita 3. Mama anasema umekuwa hivyo tangu mimi nasoma sekondari. Altrasaundi ikathibitisha, nasi tukaruhusiwa kurudi nyumbani.

Wa baba mdogo aliyeugundua ni fundi cherehani. Suruali ilibana mguu mmoja, fundi akaiachia. Baada ya muda ikabana tena, mguu uleule. Ndani ya paja kulikuwa na kitu kigumu kama embe bichi. Alipoagizwa kunyoosha mguu na kuuinua, misuli ikakaza na ule uvimbe ukagoma kabisa kusogea, kwa sababu ulikuwa ndani, chini ya utando unaofunika misuli.

Kwa hiyo maswali yenye uzito ni mengine. Umezidi sentimita 5? Unakua? Uko ndani ya misuli? Ulishawahi kukatwa ukarudi? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linatosha kutaka vipimo. Maumivu hayaamui. Upo hata uvimbe wa mafuta wenye vijishipa vingi vya damu, ambao huuma ukiubonyeza na wala si saratani, wakati sakoma inaweza kukua kimya miezi mingi.

Kinachoniumiza moyo ni kilichotokea kabla baba mdogo hajafika hospitali ya rufaa. Kuna mahali alikatwa mara ya kwanza, kwa ganzi ya kawaida, bila picha yoyote. Nyama iliyotolewa ilitupwa. Haikuwekwa kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, wala kupelekwa maabara ya patholojia inakochunguzwa kwa darubini, na yeye akaambiwa amepona. Uvimbe ulipoanza kurudi, hakuna aliyejua kilichokuwa kimetolewa. Sakoma ikikatwa hivyo, mara nyingi mabaki yake hubaki kwenye kidonda, na upasuaji unaofuata hulazimika kuwa mpana zaidi, kuondoa hata nyama isiyo na ugonjwa iliyozunguka.

Mtaani wanasema uvimbe wa saratani ukiguswa na sindano utasambaa. Ninaielewa hofu hiyo, ila imewachelewesha wengi. Utaratibu sahihi ni kwanza picha ya MRI, kisha sindano nene inayochukua kipande cha nyama, ikipitishwa mahali ambapo daktari wa upasuaji atakuja kukata na kupaondoa. Sindano iliyopangwa hivyo ndiyo inayookoa mguu. Baba mdogo alipigwa pia picha ya CT ya kifua, kwa kuwa sakoma ikisafiri hupenda kwenda kwenye mapafu. Mapafu yalikuwa safi. Alifanyiwa upasuaji mwingine, kisha akapata mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa anatembea bila fimbo, na kliniki anaendelea kuhudhuria ili kifua kiangaliwe.

Mama ameamua wake ubaki. Hakuna ubaya, lipoma huondolewa kama inamsumbua mwenyewe. Nimeandika kipimo na tarehe nyuma ya daftari lake la kliniki, tukiupima tena tuwe na cha kulinganisha.

Jana binamu yangu amenitumia picha ya mkono wake, eti nimwambie ni mafuta au siyo. Picha haioneshi kina. Nimemjibu akaze mkono aone kama unasogea, aupime kwa futi, na hata akiona unasogea aende akapigwe altrasaundi. Na kama wataamua kuukata, aulize nyama inapelekwa maabara gani. Amesema ataenda Jumatatu.