Kinyonga wa pembe tatu

Sisi wakazi wa Mbeya mjini tuna tabia yetu. Mgeni akija kutoka Dar es Salaam akauliza Kimondo kiko wapi, tunamwelekeza Mbozi bila kusita. Akiuliza Daraja la Mungu, tunamwambia apande gari la Tukuyu, ashuke Kiwira, aulize watu. Akituuliza kama sisi wenyewe tumefika, tunaanza kuzungumzia bei ya mchele. Mimi katika hilo nilikuwa bingwa. Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu nimeipita tangu nabebwa mgongoni, na kila gari lilipofika Isongole hakukosekana abiria wa kusema, "Njia ya Ziwa Ngosi ndiyo hii." Sote tulikuwa tunageuza shingo upande wa kulia, tunaona mashamba ya viazi, tunarudisha shingo, safari inaendelea.

Kitinda mimba wetu ndiye aliyeniharibia. Nyumbani tunamwita Mzee, kwa sababu tangu ameanza kutembea hufunga mikono nyuma kama mtu anayekagua shamba. Desemba 2019 alikuwa ametoka kumaliza darasa la nne, na kichwa chake kilikuwa kimejaa milima na maziwa ya Tanzania. Jioni moja mezani akaniuliza:

"Baba, Ziwa Ngosi umeliona?"

"Nimepita karibu."

"Karibu kiasi gani?"

Mama yake akainamia sahani ili nisione anavyocheka.

Krismasi huwa tunakwenda kwa mama yangu Tukuyu, kwa hiyo nikaamua kwamba safari hii tutaondoka asubuhi mapema, tushuke Isongole, tupande kuliona ziwa, halafu tuendelee kwa bibi yao. Mama watoto alikuwa na hoja moja tu: Desemba ni mvua. Hoja hiyo haikuwa na jibu, kwa hiyo sikuijibu. Binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha pili na kurudi nyumbani na uso wa mtu mzima, alitangaza kwamba yeye atabaki dukani Isongole kulinda mizigo. Wa kati, aliyemaliza la saba na kungoja kupangiwa shule, hakusema kitu. Yeye husema akiwa na jambo.

Tulishuka Isongole kwenye baridi inayopenya sweta. Mizigo tukaiacha kwa mama mmoja mwenye duka, akatuuzia viazi vya kuchemsha vya moto, na wakati tunakula akatutafutia kijana wa kutuongoza. Kijana alikuja na mabuti ya mpira na panga, akatazama viatu vyetu mmoja mmoja, akaguna. Dada mtu alikuwa bado anasimamia msimamo wake wa kulinda mizigo mpaka alipogundua kwamba simu ya mama yake inapanda mlimani. Akainuka. Tukachukua bodaboda hadi ukingo wa msitu, tukikatisha kati ya viazi na pareto, Mzee akiwa amebanwa katikati yangu na dereva, anauliza maswali ambayo upepo uliyachukua yote.

Msitu wa Uporoto hauanzi polepole. Unatoka kwenye shamba la mtu, hatua chache, jua limekwisha. Kuna mianzi iliyoinamiana juu ya njia, kuna migomba pori ambayo mke wangu aliitazama kwa huruma kwa sababu haina ndizi za kula, kuna kangaga zenye shina refu kuliko mimi. Njia ni mizizi na tope. Mwanzoni ni mwinuko wa kawaida tu, baadaye mlima unasimama, unapanda kwa mikono na miguu. Kijana alikuwa mbele anatukatia vijiti vya kutembelea, na Mzee nyuma yake tu, hamwachi apumue.

"Ziwa lilitoka wapi?"

"Mlima ulilipuka, juu pakatitia, maji yakajaa."

"Lini?"

"Zamani. Wataalamu wanaotafuta jotoardhi huku wanasema mara ya mwisho ni miaka mia tano na kitu."

"Na mto wake unatokea wapi?"

"Hauna mto. Maji yamo humo humo."

"Litalipuka tena?"

"Leo hapana."

"Nani kakwambia?"

Kijana alisimama akanigeukia, akitaka msaada. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Tulipokuwa tumechoka wote, hata maswali yamepungua, ndipo mtoto wa kati akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Uyole. Akasema, "Msimame." Alikuwa anaangalia tawi pembeni mwa njia, usawa wa uso wa Mzee. Mimi niliona majani. Nikaangalia tena, nikaona majani. Halafu jani moja likageuza jicho.

Alikuwa kinyonga, lakini si yule wa kwenye michongoma ya Mwanjelwa. Huyu alikuwa na pembe tatu zimechomoza mbele, mbili juu ya macho na moja puani. Ameshika tawi kwa vidole vilivyogawanyika kama koleo, mkia ameuviringisha, na kila jicho linashughulika na mambo yake. Jicho moja lilikuwa kwa Mzee. La pili lilikuwa kwangu, na nakiri kwamba nilijihisi napimwa.

Kijana wetu, mwenye panga, anayelala kando ya msitu huu tangu azaliwe, alirudi nyuma. "Huyo mwacheni," akasema. "Huyo si wa kuchezea." Mke wangu naye alikuwa ameshajifunika kanga mabegani na kusogea upande wa pili wa njia. Kinyonga ana deni la zamani na watu wetu. Kila nyumba ina kisa chake na hakuna kisa kizuri. Wanangu visa hivyo hawakuwa wamevikuta, au wamevikuta vikiwa vimepoa. Wakapiga magoti kwenye tope, wote watatu, vichwa vimegusana. Binti yetu aliyepanda kwa kununa alikuwa anapiga picha huku anamnong'oneza mdogo wake asipumue kwa nguvu. Mzee alitaka kumwona akibadilika rangi. Akamwekea karibu mkono wa sweta lake jekundu, akangoja. Kinyonga hakubadilika chochote. Alinyanyua mguu mmoja, akauyumbisha mbele na nyuma mara kadhaa, akauweka karibu pale pale alipoutoa.

"Anafikiria," Mzee akasema.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba kinyonga huyo ni wa milima yetu hii, Uporoto na Rungwe na majirani zao, na kwamba aliingia kwenye vitabu vya wataalamu mwaka 1900 kwa jina la daktari Mjerumani, Fülleborn, aliyefanya kazi nchi hii enzi zile. Miaka zaidi ya mia wenye vitabu wanamjua, na mimi ninayepita barabarani kila Krismasi sina habari naye. Siku ile nilichojua ni kwamba tumekaa sana, mawingu yanashuka, na kijana anapigapiga panga kwenye mwanzi kutukumbusha ziwa.

Tukafika juu. Ni ukingo mwembamba, mtu unasimama umeshika mti, na mbele yako ardhi imekatika. Kijana akanyoosha mkono kwa fahari, akasema, "Ziwa lile pale."

Ukungu. Mweupe, mnene, umejaa bonde lote hadi vidoleni mwetu. Si kwamba tuliliona ziwa vibaya, hatukuliona kabisa. Kijana akatupa maelezo yake yote kwa uaminifu: kule mwisho ni ukuta wa mlima, hapa chini ni msitu unaoshuka mpaka majini, urefu wa ziwa ni kama kilomita mbili na nusu, kina kinapita mita sabini. Alikuwa anaonyesha kwa kidole kila kitu, na sisi tukifuata kidole.

"Pale wapi?" Mzee akauliza.

"Pale."

"Tungoje," nikasema, maana nilikuwa nimelipa.

Tukangoja. Tukala chapati na mayai ya kuchemsha, tukamaliza chai ya chupa. Binti yangu alitaka kupaza sauti asikie mwangwi, kijana akamwomba kwa upole asifanye hivyo, wazee wa pale hawapendi kelele juu ya ziwa. Ukungu ulikuwa unapanda na kushuka, mara mbili ulinyembuka kidogo tukainuka wote, ukafunga tena. Kisha ikaja mvua. Mke wangu hakusema neno lolote kuhusu Desemba. Angesema ningepumua.

Kushuka sitakueleza kwa urefu. Njia iligeuka mfereji. Tulishuka kwa makalio, tukishikilia mizizi, na wa kwanza kuanguka kifudifudi alikuwa mimi. Dada mtu alichukua kanga ya mama yake, akajifunga kiunoni na ncha ya pili akamfunga Mzee, wakawa wanateleza pamoja kama tela na trekta, wanapiga kelele ambazo kule juu zilikatazwa. Mtoto wa kati aliwapita akiwa amekalia jani la mgomba. Tulipotokea kwenye mashamba, watu waliokuwa wakijikinga mvua chini ya mti walituangalia tukipita, wakatupa pole ya msibani.

Tukuyu mama yangu alituvua nguo mlangoni, wajukuu kwa wazazi wao. Akawapa mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maziwa. Alipoambiwa habari ya ukungu akasema ziwa lina siku zake. Alipoambiwa habari ya kinyonga akasukuma sahani akaenda kuangalia moto.

Mambo yangeishia hapo kama shule zisingefunguliwa. Januari, mwalimu mpya wa darasa la tano aliwapa watoto insha, "Jinsi nilivyotumia likizo yangu." Mzee alirudi nyumbani na daftari chini ya kwapa, mikono nyuma, uso umefungwa. Amepata 15 kwa 20. Nikakaa kuisoma.

Lilikuwa ziwa zuri sana. Maji yake ya kijani, tulivu, yenye mawimbi madogo pembeni. Kulikuwa na ndege weupe waliokuwa wakitua mmoja mmoja, na samaki mmoja mkubwa aliruka juu ya maji "baba yangu akashangaa." Pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: Maelezo mazuri! Chini yake ikaja sentensi moja ya kweli katika insha nzima: "Njiani tulimwona kinyonga mwenye pembe tatu." Sentensi hiyo ilikuwa imekatwa kwa mstari mrefu, na mwalimu ameandika: Kinyonga hana pembe. Usitunge uongo.

Nyumbani kulikuwa na kikao. Mama yake alitaka insha iandikwe upya. Mtoto wa kati alishauri kwamba mwandishi afukuzwe shule. Mzee alijitetea akiwa amesimama.

"Ziwa lilikuwepo au halikuwepo?"

"Lilikuwepo," nikasema.

"Kaka wa msituni alituonyesha au hakutuonyesha?"

"Alituonyesha."

"Sasa!" Halafu sauti ikapungua. "Lakini kinyonga nilimwona mimi."

Hilo ndilo lililokuwa limemkaa. Alama tano alikuwa amezikubali kwa makosa yoyote mengine, herufi kubwa, nukta, chochote. Ya kinyonga hakuikubali, na mimi nikaona ana haki. Kesho yake nikachukua simu ya mama yake yenye zile picha, tukaenda shuleni wawili.

Mwalimu alikuwa binti mpole, anatoka mikoa ya pwani, ana mwezi mmoja tu na baridi yetu. "Karibu, baba." Nikampa simu. Aliangalia, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na uso wake. Akawaita wenzake. Ofisi ikajaa, mmoja akasema ni picha ya kutengeneza, mwingine mwenyeji wa Rungwe akasema hapana, hao wapo, bibi yake aliwahi kuhama njia kwa ajili yao. Mwalimu wa sayansi akaomba nimtumie. Mzee alikuwa amesimama kando yangu, mikono nyuma, anasikiliza kesi yake ikisikilizwa.

Mwalimu akavuta daftari, akaukata mstari wake mwenyewe, akaandika 18. Akamwomba radhi mbele ya wote, jambo ambalo mimi nikiwa darasa la tano sikuliona likifanywa na mwalimu yeyote. Kisha akanigeukia akanishukuru kwa kuwatembeza watoto, wazazi wengi hawana muda huo. Nikasema asante.

"Na ziwa," akamuuliza Mzee, bado ana daftari mkononi, "maji yake ni ya kijani kweli, kama ulivyoandika?"

Mwanangu hakunitazama.

"Ni ya kijani, mwalimu," akasema. "Ila inategemea umesimama upande gani."