Mdogo wangu yuko kwa mkopo tena

Mdogo wangu ni beki wa kati, na dirisha hili la usajili klabu yake imempeleka tena kwa mkopo, yaani anachezea timu nyingine kwa muda huku bado ni mchezaji wao. Hapa Mwanjelwa, Mbeya, kila ninayekutana naye ananiuliza, "Kwani timu yake haimtaki?" Inaniuma, ndiyo maana naandika.

Straika wa mkopo akifunga mawili matatu, jina limeshakaa. Beki anahitaji mazoea. Nilimwona pale uwanja wa Sokoine akiwa bado mgeni: anapaza sauti "panda! panda!" ili mabeki wasogee mbele pamoja na straika abaki ameotea, wenzake wakapanda, beki wa kushoto kabaki nyuma. Mpira ukapita, bao. Jukwaa zima likamzomea yeye. Mechi iliyofuata, benchi. Sasa hao wenzake watamzoea lini? Na akirudi klabuni kwake anakuta kocha mpya asiyemjua.

Wala si bongo tu. Beki wa Czech, Tomáš Kalas, alisajiliwa na Chelsea 2010, akazungushwa kwa mkopo Uholanzi, Ujerumani na klabu kadhaa za Uingereza. Aprili 2014 alianza Anfield, uwanja wa Liverpool, Chelsea wakaifunga Liverpool 2-0. Ukuta ulisimama siku ile! Bado namba hakupata. Mwaka 2019 Bristol City, waliokuwa naye kwa mkopo, wakamnunua moja kwa moja.

Tangu 2022 FIFA imeweka kikomo cha mwaka mmoja kwa mkopo wa kimataifa, na aliyekopwa hakopeshwi tena kwa timu ya tatu. Nzuri, ila haimpi mtu mechi.

Ndugu zangu wa Mbeya, akija tena Sokoine mshangilieni, hata kama jezi si yenu. Ni mtoto wa hapa.