Siku musawo alipotupima viuno

Mwaka 2019 tulikuwa na kikundi cha akiba hapa Busia, upande wa Uganda, wamama watupu, wauza samaki, wauza vitunguu, wabadilisha pesa, na mimi wa mayai. Jumapili mchana tunakutana uani kwa mwenyekiti, lile sanduku la kufuli tatu linafunguliwa, kila mtu anaweka chake, halafu chai. Sasa Jumapili moja mwenyekiti akaalika wageni wawili bila kuwaambia kwamba watakutana: binti anayeuza majani ya chai ya kukondesha, na musawo mmoja mstaafu, ndivyo tunavyomwita mtu wa tiba hapa, mama mtu mzima ambaye ni wifi yake. Nadhani alitaka tufaidike tu, ila ilikuwa kama kukalisha wake wenza kwenye mkeka mmoja.

Na kweli shida tulikuwa nayo. Wengi wetu tulikuwa kati ya miaka 45 na 55, hedhi inakuja ikipenda, usiku jasho mpaka shuka linalowa, na tumbo limetangulia mbele wakati chakula ni kilekile cha siku zote. Mimi miguu ilibaki myembamba vilevile, kila kitu kimehamia kiunoni. Mume wangu anasema hizo ni raha za pesa ya mayai. Bahati nzuri kuna gomesi, lile gauni refu pana la wamama wa Uganda, ukifunga ule mkanda vizuri nani atajua huko ndani kuna nini?

Binti akaanza. Siku kumi, kilo tano, bila kuacha chakula, paketi elfu thelathini. Wamama wakaanza kufungua vitambaa vya pesa. Musawo akaomba paketi, akavaa miwani, akasoma zile herufi ndogo za nyuma taratibu mpaka tukachoka kusubiri. Halafu akasema, "Hapa wameandika sena. Sena tulikuwa tunawapa wagonjwa waliofunga choo. Mtaharisha wanangu, maji yatatoka, mzani utashuka, mkinywa maji utapanda tena, mafuta yako palepale yanawaangalia." Akaongeza kwamba chai na vidonge vya namna hiyo vingine vimewahi kukutwa vimechanganywa na sibutramini, dawa ambayo Ulaya na Marekani waliiondoa sokoni 2010 kwa sababu ya moyo na presha. Binti akasema yake ni mitishamba tu mama. Musawo akamrudishia paketi yake kwa heshima kabisa.

Halafu akatoa tepu ya fundi kwenye mkoba, banange! Mikanda ya gomesi ikabidi ifunguliwe, tukaingia chumbani mmoja mmoja lakini mlango wazi, kwa hiyo kila namba inasikika mpaka uani. Tepu anaipitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, sio pale sketi inapokaa, na anapima ukishatoa pumzi. Mama Zawadi akabana tumbo ndani, musawo kashika tepu anamwangalia tu, "mimi nimestaafu, nina muda, utapumua." Akapumua. Mwanamke akipita sentimita 80 aanze kuangalia, akipita 88 hatari ya sukari na moyo inakuwa kubwa, ndio alivyotuambia. Mimi nilikuwa 97.

Kilichonituliza ni alivyoeleza baadaye, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshajihesabu mlafi. Alisema hedhi ikielekea kukoma homoni ya estrojeni inashuka, ndipo mafuta yaliyokuwa yanakaa mapajani na makalioni yanaanza kukaa tumboni, na misuli nayo imekuwa ikipungua kidogo kidogo miaka yote hiyo, na misuli ndiyo inayotumia chakula hata umekaa, ikipungua basi sahani ileile inakuwa nyingi. Kwa hiyo kushinda njaa sio dawa, ukishinda njaa misuli ndio inaondoka nayo.

Akaanza kutuuliza tunavyokula. Jirani yangu akasema vijiko vinne vya sukari kila kikombe, vikombe vitano kwa siku, na musawo akasema ukitaka vizuri siku nzima visizidi vijiko sita, watu wakaguna kama wametangaziwa kodi. Akanigeukia mimi.

"Asubuhi unakula nini?"

"Chai na mandazi."

"Na unauza nini?"

Walicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Trei zimenizunguka kutwa nzima na mimi natafuna mandazi!

Hakutukataza posho, yaani ugali, wala matoke. Posho iwe kama ngumi yako, nusu ya sahani ijae mboga za majani kama dodo au nakati, kando maharage au mukene, wale dagaa wetu, na mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye jerikeni. Mmoja akabisha kwamba redio ilisema Shirika la Afya Duniani limetukuta sisi Waganda ndio tunaojishughulisha kuliko wote duniani, na ni kweli, 2018 walitoa hizo takwimu. Musawo akajibu, "wanaojishughulisha ni wa jembe, wewe unabadilisha pesa kwenye kigoda." Akatusimamisha na kutukalisha kwenye viti mpaka mapaja yakatetemeka, akasema hivyo mara mbili kwa wiki kwa ajili ya misuli, na kutembea kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki. Na atakayepungua nusu kilo kwa wiki ashukuru, wengine itakuwa chini ya hapo.

Mimi nilianza na mayai ya ufa, yale yanayopasuka njiani siku hiyohiyo na wateja wanayakataa, nachemsha yaive kabisa, mawili asubuhi, mandazi nikaachia Jumapili. Kufika 89 ilichukua zaidi ya mwaka na kuna miezi tepu haikusogea hata kidogo, wallahi nilitaka kuitupa.

Ila siku yenyewe musawo alipoondoka tu binti wa chai alikuwa bado yuko getini. Mama Zawadi akanunua paketi mbili, akasema ni za dada yake wa Tororo.