Montréal ikirudisha saa nyuma, Lubumbashi ndiyo inakesha

Huku Montréal kila Novemba saa hurudishwa nyuma, na watu wanashangilia kuongezewa usingizi. Lubumbashi, kule Kongo, saa haziguswi. Kwa hiyo mkutano wetu wa kazi na wenzetu wa kule, wa saa nane mchana ya huku, ambao kule ulikuwa saa mbili usiku, sasa umekuwa saa tatu. Hakuna aliyewauliza. Halafu jana shefu, bosi wetu, anatamka mbele ya wote kwamba wenzetu wa kule hawachangamki, hata kamera hawawashi.

Kamera! Mvua zimeanza, radi moja tu umeme umekwenda, na mtu yuko hewani kwa mega za intaneti alizonunua mwenyewe. Wa-Lushi, watu wa Lubumbashi, mnajua zinavyoyeyuka. Kuonyesha uso saa nzima ni kula bukari, ugali, ya watoto.

Kazi yetu ni kufuatilia malori ya shaba yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Huku tuna programu, ramani nzuri, nukta za kijani. Sasa nukta ikisimama, nani ajue kama ni foleni ya mpakani, ni tairi, au dereva anakula? Ni mwenzetu wa Lubumbashi tunayemwita Yaya. Simu mbili, jibu liko mezani. Huyo ndiye asiyechangamka.

Kinachoniuma zaidi, mambo huamuliwa huku, kwenye mashine ya kahawa. Wawili wanakutana, wanakubaliana lori lipi litangulie, basi. Kule linafika likiwa amri. Na kwa kuwa ni mimi peke yangu huku ninayeijua barabara ile, nimegeuka mjumbe wa pande mbili, kazi isiyo na mshahara.

Nilipendekeza tukutane saa mbili asubuhi ya huku. Kule ni saa tisa alasiri, watu bado wako ofisini. Nikajibiwa kwamba saa hiyo wazazi wanapeleka watoto shule. Kumbe wa Lubumbashi hawazai! Ila kuna mama mmoja, mzaliwa wa Québec, anaamka gizani kwenye baridi hii ili amkute Yaya mchana wa kule. Malori yake hayakwami bila yeye kujua sababu.

Ninyi mnaoniandikia mnataka kuja: kazi kama hizi mnaweza kuzipata mkiwa hukohuko, na kodi ya chumba changu ingewapangia lupango zima, nyumba na kiwanja chake, mtaa wa Bel-Air kule Lubumbashi. Lakini kabla ya kusaini ulizeni mikutano inafuata saa ya nani, na mega analipa nani. Iandikwe. Na sola pia.