Nilivyopata siku moja ya mchanga Entebbe

Mimi ni mpishi wa meli ya mizigo ya Ziwa Victoria. Port Bell nimefika mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu, lakini Uganda niliyokuwa naijua ni geti la bandari, reli inayoingia hadi gatini, na vibanda vya Luzira wanakokwenda wenzangu kunywa. Safari hii ilikuwa siku ya kumi na moja tangu tuondoke Mwanza. Tulipitia Kisumu, na kila bandari ilikuwa na foleni yake. Jioni nahodha akatuambia upakuaji utachukua siku nzima ya kesho.

Nikamfuata. "Mzee, chai nitaipika alfajiri na mchana nitawaachia maharage. Naomba nishuke."

"Saa kumi na mbili jioni uwe jikoni," akasema, wala hakunitazama.

Basi nikaipanga siku kuanzia mwisho. Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40. Barabara ikiwa wazi ni saa moja, lakini foleni ya jioni haina adabu. Nikajiwekea kwamba saa nane mchana nitakuwa nimeshanyanyuka mchangani, hata kama samaki yuko nusu. Kibali cha kushuka nikakiweka mfuko mmoja, pesa mfuko mwingine. Simu niliiacha kwenye chaji, maana nikiwa nayo huwa nasimamia jiko hata nikiwa nchi kavu.

Luzira hadi mjini, kisha stendi kuu ya takisi, ambazo ni daladala zetu tu zikiwa nyeupe zenye mistari ya bluu. Konda alikuwa akiita, "Ntebe, Ntebe!" Jirani yangu wa kiti akanieleza kwamba kwa Kiganda jina hilo maana yake ni kiti. Nikacheka peke yangu: nilikuwa naenda kukaa, na mji wenyewe unaitwa kiti.

Ufukwe ulikuwa mtupu, siku ya kazi. Mchanga si mpana. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko miaka mingi iliyotangulia, likaingia hadi kwenye mahoteli, na mpaka leo kuna sehemu ukuta unaanzia pale maji yanapoishia. Nikatafuta mti wenye kivuli, nikavua viatu, nikakaa. Nusu saa ya kwanza mwili haukuamini. Kila ndege iliyoshuka kuelekea uwanjani, nikidhani ni injini imebadilisha mlio, nilishtuka.

Sikuogelea. Vijana wawili walinicheka, baharia anaogopa maji. Lakini mimi ni mtoto wa Mwanza, kichocho nakijua. Mdudu wake hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya ukingoni na kupenya ngozi hata kama huna kidonda. Wanaotaka waogelee. Mimi maji ninayaona kila siku, nilichokosa ni kitu kisichoyumba chini ya makalio.

Njaa ikanipeleka kwa mama mmoja mwenye karai la mafuta. Nikaanza kwa Kiingereza changu cha bandarini, naye akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nilivyotegemea. Kwao Arua, baba yake alikuwa mwanajeshi, Kiswahili alikulia nacho kambini. Sato yeye anamwita ngege. Akataja 35,000. Moyo ukaruka, nikakumbuka ni shilingi za Uganda, nikapiga hesabu ya kwetu, bado ukaruka kidogo. Nikalipa.

Sasa hapa ndipo palipokuwa pagumu. Miaka yote hii sijala samaki aliyekaangwa na mtu mwingine nikiwa nimekaa tu. Alimchanja mara tatu kila ubavu, akapaka chumvi na ndimu hadi ndani ya machanjo. Akatupa kipande cha kitunguu kwenye mafuta. Hakikutoa mapovu, akasubiri. Mimi ningekuwa nimeshamtumbukiza, na ngozi ingebaki kwenye karai. Alipomweka, hakumgusa kabisa. Nilinyanyuka kumwambia amgeuze. Nikakaa. Nikanyanyuka tena.

"Ssebo, kaa chini," akasema. "Leo wewe ni mugeni."

Samaki aliachia mwenyewe, akageuka mzima, mkia umesimama. Nilimla kwa vidole, na ndizi za gonja pembeni, huku korongo mmoja mwenye upara, wale wanaowaita kalooli, amesimama hatua tatu kama mtu anayenidai. Mifupa yote ilikuwa yake. Kisha nikalala mchangani, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Mama yule ndiye aliyeniamsha, nilikuwa nimemwomba: "Saa nane imefika, ndugu yangu."

Foleni ilitukuta Kajjansi. Kondakta akazima redio, kila mtu akakata tamaa kwa namna yake. Kufika mjini ikawa saa kumi na moja imepita, nikaachana na takisi, nikapanda boda hadi Luzira na kushikilia fulana ya kijana wa watu kwa mikono miwili. Getini saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Nikabandika maji ya ugali. Nahodha akapita mlangoni, akasimama, akainama kidogo kuniangalia.

"Mpishi," akasema, "una mchanga sikioni."

Nikamwambia najua.