Majaliwa ya Mzee wa Sura ya Nne

Juzi usiku mpwa wangu aliniandikia kwamba kitabu chake cha mashairi kimetoka kwa msanifu, mchapaji anasubiri malipo ya kutangulia, na kwenye jalada la nyuma imebaki nafasi tupu ya bei. "Mjomba, niweke ngapi?" Nilianza kumjibu kwa kanuni niliyofundishwa na wakubwa wa kazi hii, kwamba gharama ya kuchapa nakala moja huzidishwa mara nne au tano ili kila mwenye mkono wake katika kitabu apate chake. Kabla sijautuma ujumbe nilimkumbuka mzee aliyenisimulia sura ya nne ya kitabu changu mwenyewe, nikaufuta.

Kile kitabu changu cha reli wengi wenu mnakifahamu: simulizi za wazee waliofanya kazi kwenye njia ya Mtwara hadi Nachingwea, reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulianza 1947 na kufutwa 1951, reli ikabaki inatafuta mzigo wa kubeba mpaka ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilichapa nakala 500 Dar es Salaam, kurasa 128, kwa mkopo wa SACCOS yetu ya walimu. Nisingechapa mia tu, kwa sababu mabamba ya kuchapia na kazi ya kuandaa mashine hulipiwa vilevile, uchape mia au elfu, na mzigo wote huo ungeziangukia nakala chache. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, niliipata Maktaba Kuu ya Taifa, katoni zikaja kwa basi, na maduka mawili ya Mtwara mjini yakapokea vitabu kwa mali kauli. Baada ya hapo pakawa kimya.

Ndiyo maana Novemba 2012 nilibeba katoni moja kwenda nayo Nachingwea. Msimu wa korosho ulikuwa umechanganya, malipo ya awali yalikuwa yamekwisha kutoka kwenye vyama vya msingi, na mtu aliyekopa tangu masika alikuwa analipa madeni, ananunua bati, anaagiza godoro. Niliona kitabu nacho kijaribu bahati yake humo humo. Nilipanga meza ndogo kando ya soko, jirani na fundi cherehani, na hadi adhuhuri nilikuwa nimeuza nakala kwa mwalimu mwenzangu na kwa karani mmoja wa idara ya maji, aliyeniomba risiti.

Mzee alikuja akiwa na mjukuu wake. Alikuwa amevaa koti zito licha ya joto, na miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mweusi upande wa sikio la kulia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Ndiyo haya maneno yangu?"

Nakala yake niliitenga tangu Mtwara, nikampa kwa mikono miwili. Hakuifungua mahali palipokuwa na sura yake. Aliufungua mgongo wa kitabu kwa nguvu mpaka gundi ikalia, akaupitisha ukucha pale kurasa zinaposhikana kuona kama zitang'oka, akaridhika, akampa mjukuu. Kisha akachukua nakala nyingine pale mezani.

"Na hii?"

"Elfu nane, babu."

"Maneno nilikupa bure. Elfu nane ni ya nini?"

Fundi cherehani alisimamisha mguu. Nilisema kitu kuhusu gharama, kwa namna ya juujuu kama tunavyozoea kusema, na mzee hakulikubali neno hilo. Alitoa mfuko wa nailoni ndani ya koti, akatoa karatasi ya malipo ya korosho zake iliyokunjwa mara nne, akailaza juu ya vitabu vyangu na kuinyoosha kwa kiganja. Palikuwa na kilo, bei, halafu makato: magunia, usafirishaji, ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama. "Mimi nikiuza naandikiwa hivi," alisema. "Na wewe niandikie." Akaigeuza karatasi upande mweupe, akamwomba fundi kalamu.

Sijawahi kuwaonyesha hesabu hiyo hata wenye maduka, na sasa nilikuwa naiandika mbele ya watu watano au sita, nyuma ya karatasi ya korosho. Mchapaji, 3,800. Nauli ya katoni na vitabu vinavyoharibika njiani, kwa makadirio 300. Duka hukata asilimia thelathini na tano ya bei ya jalada, yaani 2,800. Inabaki 1,100, na humo ndimo mnamotoka riba ya SACCOS kabla mwandishi hajanunua hata wino. Mzee alifuata kila mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye mstari wa duka, kidole kikatulia.

"Duka liko wapi hapa?"

"Hapa halipo, babu. Leo nauza mwenyewe."

"Basi hii elfu mbili na mia nane inakwenda kwa nani?"

Nilimweleza kwamba bei lazima iwe moja kila mahali. Nikiuza sokoni kwa 5,200, mteja wa Mtwara atajua, mwenye duka atanirudishia vitabu vyake, naye atakuwa na haki. Nikaongeza kwamba kusimama juani, kulipa nauli na kulala gesti ni kazi ya duka pia, tofauti ni kwamba leo naifanya mimi. Nilidhani nimejibu vizuri. Yeye aliwaza kidogo, akamtazama mjukuu wake, akasema: "Mimi nitakuwa duka."

Halafu akaanza biashara yenyewe. Aliuliza maduka yananilipa lini, nikasema yakishauza, na mara nyingine miezi inapita kabla mtu hajapokea simu yangu. Akasema yeye analipa leo, kwa hiyo hawezi kukatiwa sawa na mtu anayelipa akipenda. Tulipanda na kushuka hadi tukakubaliana asilimia arobaini: vitabu kumi kwa 48,000, fedha mkononi. Alizihesabu noti mara mbili huku akizilowanisha kwa ncha ya ulimi, lakini hakuziachia. Bado alikuwa na neno.

"Hizi ni za awali. Majaliwa yangu lini?"

Watu walicheka, kwa kuwa kila mkulima pale alilijua fungu hilo la mwisho ambalo chama kilikuwa kikigawa baada ya kufunga hesabu za msimu, pale kilipopata cha kugawa. Yeye hakucheka. Nilisema kitabu kikiisha na mkopo ukalipwa nitamletea mchanganuo, naye akaniambia niandike hivyo nyuma ya karatasi ileile, chini ya 1,100, nikaandika na kutia sahihi.

Yaliyofuata nayasema kwa kifupi. Vile vitabu kumi aliviuza kwa bei yangu ya jalada na zaidi, maana kijijini kwake alikuwa anamwambia mjukuu asome kwa sauti ile orodha ya majina ya watu wa genge la reli iliyo kwenye ukurasa wa mwisho wa sura yake, na kila ukoo uliosikia jina la babu yao ulitaka nakala. Orodha hiyo nilikaribia kuiondoa. Mhariri aliyenisaidia aliona inachosha, na mimi niliibakiza kwa heshima tu, sikuijua kuwa ndiyo tangazo. Mjukuu alianza kunitumia pesa kwa simu na kuagiza vitabu vitano, kumi, kumi na tano. Duka moja la mjini lilinirudishia vyake, majalada yamepauka kwa jua la dirishani, na hata hivyo vilivyopauka vikaenda Nachingwea na kuisha.

Mkopo ulipokwisha nilimpelekea majaliwa yake, 60,000 ndani ya bahasha. Aliiweka bahasha kando bila kuifungua, akaomba mchanganuo kwanza. Aliposomewa wote aliuliza wenzake kumi na mmoja waliosimulia sura nyingine wamepata kiasi gani. Baadhi walikuwa wamekwisha kufariki, na warithi wao sikuwajua wote. Nikamwambia nitaangalia. "Angalia," alisema, na hapo ndipo akaifungua bahasha.

Sasa naandaa chapa ya pili, na mchapaji ameniletea bei mpya. Nimetaka kila nakala itenge shilingi mia tano za wasimulizi na warithi wao, wale nitakaowapata. Kwenye karatasi lilionekana jambo dogo, lakini duka hukata asilimia yake kwenye bei ya jalada yote, pamoja na hiyo mia tano, kwa hiyo ili mia tano kamili iwafikie bei lazima ipande karibu mia nane. Karibu mia tatu za juu yake ni za duka, ambalo halikusimulia kitu. Mpwa wangu, niliyempigia simu jana kumweleza haya yote badala ya kumpa kanuni, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama washairi nao wana majaliwa.